Gesi Iliyosimama Kwenye Sifuri

Kila asubuhi, kabla ya chai, mama mkubwa alikuwa anafuta dirisha la sebuleni. Anafuta kwa ndani, anatoka nje na kandambili zake, anafuta kwa nje, kisha anarudi na kufuta miwani kwa upindo wa gauni. Hapo ndipo anaangalia barabarani. Hakuwa anatafuta kitu. Nguzo ya umeme, geti la jirani, mbwa wa watu. Akishaona kila kimoja kipo mahali pake, anakaa na kumimina chai.

"Mke wangu, hicho kioo kitaisha," baba mkubwa alizoea kumwambia.

"Asiyefuta cha karibu asiniambie ameona cha mbali," naye alizoea kujibu, bila kugeuka.

Kazini walimwita Bi Pengo. Si kwamba alikosa meno, meno yake yalikuwepo yote na alikuwa akiyaonyesha kwa makusudi kila mtu mpya alipotambulishwa kwake. Jina lilitokana na kazi. Alikuwa anatafuta gesi kwenye vifusi vya nyota.

Nitaieleza kazi hiyo kama alivyotueleza sisi mezani. Nyota ikishajijenga, yenyewe na sayari zake, huacha takataka pembeni kama fundi mwashi anavyoacha kokoto na matofali yaliyovunjika. Takataka hizo huizunguka nyota zikiwa zimetandaa kama sahani. Vumbi lake linaonekana, maana linapata joto la nyota nalo likatoa joto hilo kidogokidogo. Gesi ndiyo ngumu. Ni kidogo na haina umbo. Lakini ikitokea sahani imekaa kiubavu kwetu, mwanga wa nyota unalazimika kupita ndani yake kabla ya kutufikia, na kila gesi iliyo njiani inakula kipande chake cha mwanga. Kaboni inakula hapa, oksijeni pale, chuma kule. Mwanga unafika umeliwaliwa. Hayo ndiyo mapengo, na yale yanayosema zaidi hayako kwenye rangi tunazoziona. Yako kwenye urujuanimno, mwanga uliopita zambarau, ambao jicho haliujui na hewa yetu inauzuia usifike chini. Kwa hiyo waliupokea kwa darubini inayozunguka juu kabisa, nje ya hewa, nao wakakaa kwenye chumba chenye kapeti lililochanika mlangoni, wakisoma kwenye kompyuta ilichotuma.

"Yaani unatafuta kitu kwa kuangalia kisichofika," baba mkubwa alimwambia siku moja.

"Ndiyo."

"Basi nitafutie na msaidizi wangu. Wiki ya pili sasa hafiki."

Baba mkubwa ni fundi wa friji. Gesi yeye anaibeba kwenye mtungi nyuma ya pikipiki, na hakuna siku aliyoacha kulisema hilo. Friji ikivuja anapaka povu la sabuni kwenye bomba na kusubiri. Panapovuja, povu linavimba. "Gesi haina adabu," alikuwa akisema, "lakini ukiipaka sabuni inajitaja." Mama mkubwa alicheka kila mara kama ndiyo kwanza anasikia. Walipendana kwa namna hiyo, kwa kurudia mizaha ileile mpaka ikawa kama samani za nyumba.

Nilipomaliza shule nikawa namfuata ofisini siku nyingine, nakaa kwenye kiti cha dirishani. Nikaona kwamba ofisi ile ilikuwa na sheria mbili zisizoandikwa popote. Ya kwanza ni ya pande. Kwenye skrini, mwanga wa nyota ulikuwa mstari wenye vilima na mabonde, na katikati kuna alama ya sifuri. Pengo likikaa kushoto ya sifuri, gesi hiyo inakuja kwetu. Likikaa kulia, inakwenda zake. Walikuwa wakisema hivyohivyo, "hili linakuja," "hili linakwenda," kama watu wanaokaa kibarazani.

Sheria ya pili ni kumuuliza jirani. Maana pengo peke yake halisemi liko wapi. Huenda gesi iko kule kwenye nyota, na huenda ni wingu tu lililojikalia njiani, kati yao na sisi. Kwa hiyo wanachukua nyota nyingine inayoonekana karibu na ile, wanaiangalia nayo. Jirani akiwa na pengo lilelile, basi ni wingu la njiani na hakuna cha kusherehekea. Jirani akiwa safi, gesi ni ya nyota.

Nyota ya mama mkubwa ilikuwa na namba ndefu ambayo hakuna aliyeitaja yote. Waliiita Kimya. Ilikuwa na vifusi kuliko nyota zote walizowahi kupima, lakini ukiiuliza habari za gesi haisemi. Wenzake waliichoka, wakahamia kwingine. Yeye alibaki nayo tangu sijazaliwa. Alitaka jambo moja na hakulificha kwa mtu: apate gesi ya Kimya, na iwe kweli iko kule.

"Nikiipata nastaafu," alikuwa akisema. "Nitalala mpaka jua linichome."

Mwaka jana, mvua zilipokuwa zinaisha, Kimya ikasema.

Nilikuwepo. Alikuwa anakula karanga, mkono ukasimama karibu na mdomo. Kwenye mstari, mahali pa kaboni, palikuwa na pengo jembamba, la kina, kingo zake kali kana kwamba limekatwa kwa wembe. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Pengo lilikuwepo.

Mkuu wake alikuja. Ni mtu mpole mwenye mwili mkubwa, anatembea siku nzima na kikombe ambacho sijawahi kuona kina kitu ndani.

"Umemuuliza jirani?" alisema, hata salamu bado.

"Nimemuuliza. Ni safi."

Mkuu aliweka kikombe chini. Akamshika mama mkubwa begani, akakichukua tena kikombe na kuondoka nacho.

Sasa hapo ndipo kosa lilipokuwa, nalo ni kosa ambalo mtu asiye wa kazi ile hawezi hata kulikosea. Zamu za darubini ile watu wanazigombania dunia nzima. Ukipewa zamu yako huwezi kuimalizia kwa nyota ya jirani isiyo na habari. Picha ya jirani ilikuwepo kwenye kumbukumbu zao, ya zamani, safi kabisa, na mama mkubwa alitumia hiyo. Ofisi nzima walifanya hivyo. Mawingu ya kati ya nyota hayaendi kwa mwendo ambao binadamu anaweza kuuona katika maisha yake, kwa hiyo jirani wa zamani ni jirani wa leo. Kwa maneno mengine, alimuuliza jirani habari za mtu ambaye wakati ule hakuwa amepita bado.

Tangazo la ugunduzi likatoka, jina lake likiwa la kwanza. Ofisini walinunua soda. Nyumbani baba mkubwa alimsalimia kwa kuinama mpaka mgongo ukamkamata, ikabidi tumpake dawa.

Zamu ya pili ilipofika, pengo lilikuwepo, ila limesogea kushoto.

"Nyota inapuliza gesi yake nje," Mkuu alisema. "Inakuja upande wetu. Ni kawaida. Tena ni habari nzuri zaidi."

Zamu ya tatu lilikuwa kushoto zaidi, na limekuwa la kina zaidi.

Usiku ule mama mkubwa alikaa mezani akisukuma wali kwa kijiko kutoka upande mmoja wa sahani hadi mwingine.

"Linakuja kwa kasi," alisema.

"Nani? Kama ni shemeji yako, chakula kimekwisha," baba mkubwa alisema.

Hakucheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona hacheki mzaha wa mumewe, na baba mkubwa naye aliliona hilo, akainamia sahani yake.

Akaomba zamu ya jirani. Si picha ya zamani, bali Kimya na jirani siku moja, mmoja baada ya mwingine. Mkuu hakutaka. Walikuwa wamesimama mlangoni, pale penye kapeti lililochanika.

"Dada yangu," Mkuu alimwambia kwa sauti ya chini, "tangazo limeshatoka. Watu wanalitumia. Unatafuta nini?"

"Nataka kujua liko wapi."

"Liko kule. Ulisema mwenyewe."

"Nilisema. Sasa nataka kujua."

Alipewa. Picha zilipofika, ya jirani ilikuwa na pengo lilelile. Kina kilekile, kingo zilezile za wembe, upande uleule wa kuja. Jirani aliyekuwa safi.

Kilichokuwa hatarini kilieleweka hata kwangu. Kitu kikiwa mbele ya nyota mbili, hakipo kwenye nyota. Tangazo lingefutwa, na Kimya ingebaki kimya, na umri wake wote ungekuwa umekwenda kwa wingu la njiani. Hilo lingetosha kumuumiza mtu. Lakini njiani alipokuwa akirudi nami nyumbani hakusema lolote kuhusu tangazo. Alisema, "Wingu haliwezi kufanya hivi." Baadaye, tukivuka barabara, akasema tena, kama anamjibu mtu, "Haliwezi."

Kulikuwa na kundi jingine la watu, wa nchi nyingine, waliopima nyota yao wiki hiyohiyo, upande wa mbingu usiohusiana kabisa na Kimya. Aliwaandikia akaomba picha yao. Wakamtumia kwa ukarimu, wakilalamika kwamba wamepata pengo la kaboni wasilolielewa na wanadhani chombo kina hitilafu.

Jioni alituonyesha mezani. Alinyoosha mkono wote, akasimamisha kidole.

"Fumba jicho moja," aliniambia. "Kidole kinaziba nini?"

"Kitasa cha mlango."

Akakileta kidole taratibu mpaka kikawa karibu na jicho langu. "Na sasa?"

"Mlango. Na ukuta. Na baba mkubwa nusu."

"Nusu gani?" baba mkubwa aliuliza.

"Basi," mama mkubwa alisema, akashusha mkono. Hatukuuliza basi nini. Kile kitu kwanza kiliziba nyota moja. Halafu mbili zilizo jirani. Sasa kilikuwa kinaziba mbingu pande zote.

Kwenye picha zilizofuata pengo lilikuwa limeacha kusogea kushoto. Lilianza kurudi. Zamu hadi zamu lilisogelea sifuri, kama mtu anayepunguza mwendo akikaribia geti. Kisha likasimama juu ya sifuri yenyewe.

Mkuu alifurahi, na kwa haki. Alinieleza hata mimi, kwa kuwa mama mkubwa alikuwa hamsikilizi. Kitu kilichosimama kwenye sifuri hakiji wala hakiendi ukilinganisha na sisi. Kwa hiyo ni chetu. Ni masalia ya hewa yetu huko juu, au ni uchafu umeganda kwenye kioo cha darubini. Vyombo huchafuka. Watapasha kioo joto, uchafu utatoka.

"Uchafu hauji mbio halafu ukafunga breki," mama mkubwa alisema akiwa ameipa mgongo skrini.

"Bi Pengo. Kiko kwenye sifuri. Ni chetu."

"Ndicho ninachokuambia, Mkuu. Sasa ni chetu."

Nyumbani kwetu kuna korido ndefu inayotoka mlango wa mbele hadi jikoni, vyumba vikiwa pande mbili, na balbu moja mwisho wake. Wiki ile mama mkubwa alianza kusimama mlangoni, akiiangalia hiyo balbu. Anaweka begi chini, anasimama, anaangalia. Ukimpita anakupisha bila kukutazama.

"Imekuwa hafifu," alisema.

Baba mkubwa alibadilisha balbu. Bado ilikuwa hafifu, kwa namna ambayo huwezi kuionyesha kwa kidole. Ukiwa jikoni chini yake ilikuwa sawa. Ukiwa mlangoni, ilikuwa kama imewekewa kitambaa kisichoonekana. Hewa ya korido ile haikunuka kitu wala haikuwa na baridi, lakini ulipopita katikati yake ulitaka kushusha pumzi taratibu, kama unapita mbele ya mtu aliyelala.

Baba mkubwa alikuja na bakuli la povu na brashi. Alifanya kama mzaha, kwa ajili ya mkewe, ili acheke.

"Tuone kama nyota zinavuja," alisema, akapaka povu kwenye fremu ya mlango wa chumba chao, halafu kwenye ukuta mtupu, mahali pasipo na bomba wala waya. Tulisimama tukiangalia. Povu la ukutani lilikaa. Kisha puto moja la povu likajitokeza, likavimba taratibu, likawa kama yai, likawa kama chungwa. Halikupasuka. Lilikaa pale ukutani, likicheza kidogo kama linavuta pumzi na kuitoa.

Baba mkubwa alilifuta kwa mkono mtupu. Akaenda kuosha bakuli, na alilisugua muda mrefu kuliko bakuli linavyotaka.

Siku iliyofuata mama mkubwa alichukua boksi la viatu. Akachana mpasuo mwembamba kwa wembe upande mmoja, upande wa pili akabandika kipande cha sidii kuukuu ya muziki, akatoboa tundu la jicho. Akamwomba baba mkubwa balbu ya zamani, ile ya waya, inayotoa rangi zote bila kuruka. Ukichungulia ndani ya boksi unaona upinde wa rangi, nyekundu mpaka zambarau, laini kama kitambaa. Urujuanimno hauonekani humo, alisema, lakini gesi nyingine zina tabia ya kula hata kwenye rangi za macho yetu.

Aliiweka balbu mezani akachungulia. Rangi zilikuwa safi. Akairudisha mwisho wa korido, akasimama mlangoni, akachungulia. Alikaa hivyo mpaka chai ikapoa.

"Fundi, njoo uangalie."

Baba mkubwa alichungulia. "Naona rangi. Kama mafuta kwenye dimbwi."

"Angalia kwenye njano."

Akalisogeza boksi, akachungulia tena. Akanipa boksi. Katikati ya njano kulikuwa na uzi mweusi, mwembamba kama unywele, umenyooka wima. Nilipokuwa nauangalia ulikolea kidogo.

"Ni boksi," baba mkubwa alisema. "Ni mkwaruzo wa sidii."

Mama mkubwa hakubishana. Alichukua boksi akavuka barabara kwa jirani yetu fundi cherehani, mwanamke mwenye sauti kubwa na mdomo uliojaa pini. Alimwomba aangalie balbu yake mwenyewe, ndani kwake, kabla yeye hajaingia. Akabaki nje ya geti.

"Naona rangi tu, mama," fundi cherehani alipaza sauti. "Nzuri hizo. Unaniuzia?"

"Hakuna uzi mweusi?"

"Uzi ninao mwingi, wa kila rangi. Humu hakuna."

"Haya. Sasa naingia. Angalia tena."

Aliingia akasimama karibu naye. Niliwaona kupitia mlango uliokuwa wazi. Fundi cherehani aliangalia, akatoa pini mdomoni moja moja, akaziweka mezani. Alimrudishia boksi kwa mikono miwili, na mama mkubwa alipotoka, alifunga mlango nyuma yake, mchana ule wa joto.

Baada ya hapo hakuhitaji kutuambia, lakini alituambia: linamfuata yeye. Alipokuwa kazini, mimi na baba mkubwa tulifunga mapazia tukachungulia korido. Safi. Aliporudi na kuweka begi chini, uzi ulikuwepo. Haukuwa wa korido. Ulikuwa kati yake na chochote alichokitazama, na kati ya kitu hicho na yeyote aliyesimama karibu naye.

Mkuu alikuja nyumbani siku ya mapumziko, na kikombe chake, kweli alikuja nacho kwenye gari. Alikuwa na habari njema. Darubini imekuwa safi. Kimya ni safi, jirani ni safi, hata nyota ya wale wengine. Kioo hakijapashwa joto bado, uchafu umejiondokea wenyewe. Wataondoa tangazo kistaarabu, yeye mwenyewe ataliandika, hakuna atakayemlaumu mtu.

"Lilitoka lini?" mama mkubwa aliuliza.

Mkuu alitaja wiki. Ilikuwa ile wiki korido ilipofifia.

"Kwa hiyo juu hakuna kitu," mama mkubwa alisema.

"Hakuna. Pole sana, dada yangu. Najua ulivyotaka."

"Nilitaka liwe kule," alisema. Akatabasamu, akiyaonyesha yale meno yake yote. "Basi. Walau tumejua haliko kule."

Mkuu aliaga. Alipopita koridoni nilimwona akipunguza hatua, akajifuta uso kwa kiganja kama mtu aliyepita kwenye utando wa buibui, akaendelea mpaka kwenye gari bila kugeuka.

Siku zilizofuata baba mkubwa alianza kukohoa. Si kikohozi kikubwa. Mimea niliyopanda kwenye makopo pale dirishani ilipauka upande unaoelekea ndani ya nyumba, si upande wa jua. Usiku nilimsikia mama mkubwa akimuuliza mumewe kama anapumua vizuri, naye akimjibu kwamba anapumua kama friji mpya.

Ikawa jioni, jua bado halijazama, watoto wanacheza barabarani. Mama mkubwa alivaa viatu vyake vya kazini. Alituita mlangoni, akampa baba mkubwa boksi.

"Swali limebaki moja," alisema. "Nalijua linanifuata. Sijui kama likinifuata linakuja lote, au linabaki na nyinyi. Mimi siwezi kulipima hilo, maana nikiwepo lipo. Pima wewe."

"Nipime nini, mama? Mimi ni wa povu."

"Simama hapa. Angalia ile balbu. Mimi natembea. Likipungua ninavyokwenda, na nikifika pale kwenye kona likawa limekwisha kabisa, zima taa. Likibaki hata kidogo, iache inawaka. Nitaiona kutoka kule."

"Na nikizima?"

"Nitajua nyumba ni safi."

"Halafu unarudi tunakula."

Alimrekebisha kola ya shati, ambayo haikuwa imekaa vibaya. "Usisome unachotaka, Fundi," alisema. "Soma kilichopo. Ukinidanganya nitakuwa sina mtu mwingine wa kumuuliza."

Aliniwekea mkono kichwani, kidogo tu, akatoka.

Baba mkubwa aliegemeza bega kwenye fremu na jicho kwenye tundu. Mkono mmoja ulikuwa kwenye swichi. Nilisimama nyuma yake, naiona barabara yote. Mama mkubwa alitembea kama anavyotembea siku zote, begi likiwa limebanwa kwapani, akiwapisha watoto na mpira wao. Mpira ulipomfikia miguuni ulipunguza mwendo, na mtoto aliyeufuata akasimama mbali akisubiri apite.

"Lipo," baba mkubwa alisema chini chini. "Lipo." Baadaye, "Limekuwa jembamba." Halafu akanyamaza.

Mama mkubwa alifika kwenye kona. Akageuka kutuelekea na kusubiri. Kwa mbali miwani yake iling'aa na jua.

"Baba mkubwa," nikasema.

Aliondoa jicho kwenye boksi, akalifuta kwa bega, akalirudisha. Kifua chake kilikuwa kimetulia, hakikohoi. Koridoni kulikuwa kweupe mpaka jikoni, hata nyufa za ukuta wa mwisho nilizihesabu kwa macho nikiwa mlangoni, na hewa ilikuwa hewa tu. Niliona kidole chake juu ya swichi kikibonyea na kuachia, kikibonyea na kuachia, bila kuwasha wala kuzima.

"Ningeweza kuiacha inawaka," alisema.

Aliangalia mara ya mwisho, akazima.

Pale kwenye kona mama mkubwa alikaa kidogo akiutazama mlango wetu. Alirudisha begi kwapani vizuri. Kisha akakata kona, na watoto wakarudi na mpira wao katikati ya barabara. Baba mkubwa alibaki amesimama na boksi lake mpaka taa za mtaani zikawaka, akisema mkewe atarudi sasa hivi, amekwenda tu kuzungukia kule nyuma. Hakurudi.